Mwalimu mwenye bastola, mtoto mwenye somo: Ohio, Texas, Florida, Tennessee na California kwa mzazi anayechagua pa kuhamia

Kazi yangu ni ukalimani wa shule hapa Ohio. Siku chache kabla ya shule kufunguliwa niliketi na mama mmoja kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, kumsomea rundo la karatasi alizotumiwa na wilaya ya shule yao: fomu ya chanjo, fomu ya basi, orodha ya vyakula. Katikati ya rundo kulikuwa na barua fupi ya kusema kwamba bodi ya shule imewaruhusu baadhi ya wafanyakazi kuwa na silaha ndani ya majengo. Nilimtafsiria neno kwa neno. Akaichukua karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, kisha akaniuliza: "Mwalimu wa mutoto wangu, naye anabebaka bunduki?"

Sikuwa na jibu. Barua haikutaja mtu, na sheria ya Ohio haiweki majina hayo wazi kwa umma. Mama yule alikimbia bunduki mara mbili kabla ya kupanda ndege ya kuja huku. Alikunja barua mara nne, akaitia kwenye mkoba pamoja na pasipoti za watoto.

Wiki hiyohiyo dada yangu alipiga simu toka Houston, Texas. Shemeji amepata nafasi mbili za kazi ya ghala, moja Columbus, hapa Ohio, na nyingine Nashville, Tennessee, mshahara unakaribiana, na wanaye watatu wako shule ya msingi. "Wewe unayekaa na hizi karatasi za shule kila siku, tuambie. Wapi watoto watakuwa salama zaidi?" Nimesoma sheria za majimbo hayo, nikaongeza Florida na California kwa sababu ndizo zilizo mbali zaidi kimsimamo, na ninaandika hapa nilichomwambia, kwa kuwa najua si yeye peke yake anayeuliza.

Nani anaamua

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea sheria moja kwa nchi nzima. Bunduki ni ya askari, ya mlinzi wa benki, au ya mtu mwenye kibali ambaye mtaa mzima unamjua. Marekani ni ngazi juu ya ngazi. Bunge la shirikisho lilikataza silaha karibu na shule mwaka 1990, Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo mwaka 1995, Bunge likaiandika upya mwaka 1996. Mpaka leo inakataza bunduki ndani ya futi 1,000 za shule, yaani kama mita 300, lakini inamwachia nafasi mwenye leseni ya jimbo husika. Kwa hiyo kazi imeshuka kwa majimbo, na majimbo mengi yameishusha tena kwa bodi za shule. Jimbo linasema "mnaweza", bodi inasema "tunataka" au "hatutaki".

Anayeuliza "Ohio wanaruhusu?" ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni jina la wilaya ya shule, na wilaya mbili zinazopakana zinaweza kuwa na majibu tofauti kabisa. Hilo lishikeni, maana nitalirudia nikifika kwa shemeji.

Saa 24 na saa 144

Ohio ina historia inayofaa kujulikana. Mwaka 2016 kijana wa miaka 14 alifyatua risasi kwenye mkahawa wa shule ya Madison, kaunti ya Butler, na wanafunzi wanne wakajeruhiwa. Miaka miwili baadaye bodi ya shule ikaamua baadhi ya wafanyakazi wabebe silaha baada ya mafunzo ya siku chache. Wazazi wakaenda mahakamani. Hawakudai silaha zipigwe marufuku. Walidai kwamba mtu anayebeba bastola kati ya watoto wao afunzwe kama askari polisi. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Ohio ikawapa haki, kwa majaji wanne dhidi ya watatu: mfanyakazi wa shule mwenye silaha lazima awe amepitia mafunzo ya uaskari, zaidi ya saa 700, au awe na uzoefu wa uaskari wa miaka 20.

Ushindi huo haukudumu hata mwaka. Bunge la jimbo likatunga sheria mpya, na gavana Mike DeWine akaitia saini tarehe 13 Juni 2022. Sasa mafunzo yanayodaiwa na jimbo hayazidi saa 24, kisha saa 8 kila mwaka za kujikumbusha. Bodi ikitaka inaweza kuongeza, lakini haibanwi kuongeza. Kutoka saa 700 hadi siku tatu za kazi. Ninaishi na sheria hii na bado inanitia simanzi, kwa sababu wale wazazi wa Madison walikuwa wamepata jibu la haki kwa njia ya haki.

Iweke kando ya Florida. Tarehe 14 Februari 2018 watu 17 waliuawa katika shule ya Marjory Stoneman Douglas mjini Parkland. Wiki tatu baadaye jimbo lilikuwa na sheria mpya na mpango wa walinzi wa shule uliopewa jina la Aaron Feis, kocha aliyekufa akiwakinga wanafunzi. Mlinzi huyo hupitia saa 144 za mafunzo chini ya ofisi ya sherifu, hupimwa afya ya akili, hupimwa dawa za kulevya, na lazima afaulu mtihani wa shabaha. Mwanzoni walimu wanaoshinda darasani walitengwa. Mwaka 2019 nao wakafunguliwa mlango, kila wilaya ikiamua yenyewe. Malipo ni dola 500, mara moja tu, kwa hiyo anayejitolea hafuati fedha.

Saa 144 ni karibu wiki nne za kazi. Saa 24 zinatosha kumfundisha mtu mwenye mkono mtulivu kulenga karatasi, kupakia na kupakua, na kukariri sheria. Kujua lini usifyatue, wakati korido imejaa watoto wanaokimbia kila upande, moshi, kengele inalia, na huoni vizuri nani ni nani, hakufundishwi kwa siku tatu. Katika zile saa 24 za Ohio, ni 4 tu ambazo sheria inadai ziwe za mazoezi ya kuigiza tukio. Kama ningelazimishwa kumkabidhi mwanangu kwa shule yenye wafanyakazi wenye bastola, ningechagua kiwango cha Florida bila kusita.

Tennessee imekaa katikati. Tarehe 27 Machi 2023 watoto watatu wa miaka tisa na watu wazima watatu waliuawa katika shule ya Covenant, Nashville. Aprili 2024 baraza la wawakilishi likapitisha sheria ya kuruhusu walimu wabebe silaha iliyofichwa, huku wananchi waliojaa roshani wakipaza sauti kwamba wabunge wana damu mikononi. Gavana Bill Lee akaitia saini. Mwalimu anatakiwa kuwa na kibali cha daraja la juu, alama za vidole zichunguzwe, mtaalamu athibitishe afya yake ya akili, na apitie saa 40 za mafunzo kila mwaka. Juu ya hapo kunahitajika ridhaa tatu: ya mkuu wa shule, ya mkurugenzi wa shule za wilaya, na ya mkuu wa polisi wa eneo. Hizo ridhaa tatu ni breki ya kweli, na zimefanya sheria iwe kubwa zaidi kwenye karatasi kuliko madarasani.

Texas ina njia mbili, na wazazi wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni mashali wa shule, yaani mfanyakazi wa shule aliyefunzwa kubeba silaha. Ilianzishwa mwaka 2013, baada ya mauaji ya Sandy Hook kule Connecticut, na inadai saa 80 za mafunzo pamoja na vipimo vya akili. Ya pili ni ruhusa ya bodi peke yake. Bodi inaandika azimio, inamteua mtu mwenye leseni ya bastola, na mafunzo yake hutegemea sera ya bodi hiyo. Wilaya ndogo ya Harrold, mashamba matupu karibu na mpaka wa Oklahoma, ilitangulia njia hii tangu mwaka 2007, na hoja yao ilikuwa umbali: askari akiitwa, hafiki upesi. Hoja hiyo siidharau. Aliyekulia kijijini anajua maana ya kituo cha polisi kilicho mbali. Ila mzazi wa Texas akiambiwa "tuna watu wenye silaha waliofunzwa", aulize papo hapo: kwa njia ipi kati ya hizo mbili?

Baada ya mauaji ya shuleni mjini Uvalde, Texas iliongeza sheria nyingine mwaka 2023 inayotaka kila shule iwe na angalau mlinzi mmoja mwenye silaha saa za masomo. Mwanzoni jimbo lilitoa dola 15,000 kwa kila shule na dola 10 kwa kila mwanafunzi, fedha ambazo hazikutosha kumlipa askari. Shule isiyoweza kumwajiri askari inaruhusiwa kueleza sababu zake na kutafuta njia mbadala, na njia mbadala mara nyingi ni mfanyakazi wa shule mwenye bastola. Ndivyo sheria inavyoweza kumfikisha mwalimu kwenye silaha bila mtu yeyote kusema kwamba hilo ndilo alilolitaka.

California ni fupi. Tangu mwaka 2018 mkuu wa wilaya ya shule hana tena mamlaka ya kumruhusu mtu mwenye leseni aingie na bastola shuleni. Polisi wanaingia nazo, mwalimu haingii nayo.

Nani anaambiwa

Kwangu hili lina uzito sawa na saa za mafunzo, na ndilo wazazi wetu hawaliulizi. Ohio inailazimu bodi itoe taarifa kwa umma kwamba imeruhusu silaha. Barua ya mama wa Uvira ilitokana na hitaji hilo, na pamoja na uchungu wake afadhali ilikuwepo. Texas inampa mzazi haki ya kuandika barua kuuliza kama shule ya mtoto wake ina mashali, na shule lazima ijibu kwa maandishi ndiyo au hapana, bila jina. Florida inaficha majina, ingawa kila mtu anajua kwamba kila shule ya umma ina mtu wa ulinzi. Tennessee imefunga kabisa: mzazi haambiwi, na hata mwalimu wa darasa la jirani haambiwi kama mwenzake amebeba.

Wanaotetea usiri husema mshambuliaji akijua nani ana silaha, ataanza na huyo. Hoja hiyo inaeleweka, ndiyo maana hata mimi sidai jina. Nadai jibu la neno moja. Mzazi ambaye mwanaye huamka usiku kwa ndoto za vita ana sababu ya kujua kama ndani ya jengo lile kuna bastola, ili azungumze na mtoto mapema, kabla hajaiona chini ya koti la mtu anayemwamini.

Na zinaonekana. Januari 2023, katika mji mdogo wa Rising Star, Texas, mkuu wa wilaya ya shule aliisahau bastola yake chooni. Mtoto wa darasa la tatu aliingia, akaikuta, akatoka kwenda kumwambia mwalimu. Nimelifikiria tukio hili mara nyingi kuliko mashambulizi makubwa yote. Mtu mzima aliyeaminiwa na wote, mwenye ruhusa zote, alishindwa na jambo dogo la kila siku, maana kwenda chooni na bastola kiunoni ni usumbufu. Aliyeokoa siku ni mtoto wa miaka minane au tisa.

Ulinzi wenyewe

Nani anaweza kusema bastola shuleni haiwezi kuokoa? Septemba 2024, katika shule ya Apalachee, Georgia, askari wa shule walimfikia kijana mwenye bunduki ndani ya dakika chache na akajisalimisha. Walimu walikuwa na vitambulisho vyenye kitufe cha dharura, wakavibonyeza, watu wakajua pa kukimbilia. Hata hivyo wanafunzi wawili na walimu wawili walikuwa wameshakufa. Parkland kulikuwa na askari mwenye silaha kwenye eneo la shule, hakuingia ndani ya jengo. Uvalde, tarehe 24 Mei 2022, maafisa 376 wa vyombo mbalimbali walikusanyika, na dakika 77 zikapita kabla hawajaingia darasani. Watoto 19 na walimu wawili walikufa. Hawa walikuwa askari wa kazi, wenye mafunzo ya miezi. Ninapoambiwa kwamba mwalimu wa hesabu mwenye saa 24 atafanya kile walichoshindwa wao, najaribu kuamini na siwezi.

Jambo jingine lisilosemwa vya kutosha: idara ya ulinzi wa viongozi ya Marekani ilichunguza mashambulizi ya shuleni katika ripoti yake ya mwaka 2019, ikaona kwamba wengi wa vijana waliotumia bunduki, takriban watatu kati ya wanne, walizitoa nyumbani kwa wazazi wao au kwa ndugu wa karibu. Safari ya bunduki hiyo ilianzia kwenye droo ya chumba cha kulala au juu ya kabati. Kwa hiyo mzazi anayelinganisha majimbo hawezi kuishia mlangoni mwa shule.

Somo la mtoto

Katika hili Tennessee imetangulia. Sheria ya mwaka 2024 inataka kila shule ya umma ifundishe usalama wa bunduki kuanzia mwaka wa masomo wa 2025 hadi 2026, na somo linaanza na watoto wa chekechea. Arkansas na Utah zilifuata kwa sheria zao mwaka 2025. Tennessee imekataza bunduki halisi na risasi halisi darasani, na imekataza mwalimu kuegemea upande wowote wa siasa ya silaha. Mtoto anafundishwa silaha inahifadhiwaje, kutoigusa akiikuta, na kumwambia mtu mzima mara moja. Ni lilelile alilolifanya mtoto wa Rising Star.

Ningependa Ohio ifanye hivyo kesho asubuhi. Lakini namna ya kufundisha ina tofauti kubwa, na tafiti zimeonyesha hivyo kwa muda mrefu. Chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kina mpango wa watoto tangu mwaka 1988 wenye tai wa katuni na maneno manne: simama, usiguse, kimbia, mwambie mkubwa. Watoto huyashika upesi kama wimbo wa chekechea. Watafiti walipowaweka watoto wadogo mahali penye bastola bila mkubwa karibu, wengi waliokuwa wameyakariri maneno hayo hawakuyatenda.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001 uliwaacha wavulana wa miaka 8 hadi 12 kwenye chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, imefichwa droo. Wavulana 48 waliikuta. 30 waliishika, 16 walivuta triga. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika walikuwa wamewahi kufundishwa usalama wa bunduki kwa namna fulani. Mzazi anayesema "wangu nimeshamwambia" na aisome tena sentensi hiyo.

Habari njema ni ya mwaka 2023, kutoka chuo kikuu hapa Ohio. Watoto wa rika hilohilo walionyeshwa video ya dakika moja, wengine ya usalama wa bunduki na wengine ya usalama wa gari. Wiki moja baadaye wakawekwa wawiliwawili kwenye chumba chenye bastola mbili zilizozibwa zisiweze kufyatua. Walioona video ya bunduki, theluthi moja walimwambia mkubwa. Wale wengine, mmoja tu kati ya kumi. Kuvuta triga kulishuka kutoka karibu theluthi moja hadi chini ya mmoja kati ya kumi. Dakika moja ilileta badiliko hilo. Hata hivyo, wanne kati ya kumi wa walioona video waliigusa bado.

Kwa hiyo kati ya somo la kukariri na somo la kutenda, chagua la kutenda. Mtoto aelekezwe, aonyeshwe, afanye mwenyewe, akosolewe, arudie, na siku nyingine akutane nalo bila kujua kwamba anajaribiwa. Shule yako ikisema inafundisha, uliza kama watoto wanafanya mazoezi au wanatazama katuni tu.

Somo la mtu mzima

Kwa watu wazima majimbo haya yametengana zaidi kuliko kwa watoto. California hununui bastola bila cheti cha usalama: maswali 30, upate 23, ada dola 25, cheti kinadumu miaka mitano. Kisha unamwonyesha muuzaji kwa mikono yako kwamba unajua kuikagua, kuhakikisha chemba, yaani tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa, iko tupu, na kuifunga. Wilaya za shule nazo huwatumia wazazi taarifa ya sheria za kuhifadhi silaha kila mwaka.

Tennessee na Texas ziliondoa hitaji la kibali cha kubeba mwaka 2021, Ohio mwaka 2022, Florida mwaka 2023. Ohio ilianza tarehe ileile 13 Juni ambayo gavana alitia saini sheria ya walimu. Kabla ya hapo mbebaji alipaswa kupitia saa 8 za darasa. Leo darasa lipo kwa anayetaka.

Mimi nilikwenda, ingawa sina bastola wala sitanunua. Nilikuwa nimechoka kutafsiri maneno nisiyoyajua. Jambo lililobaki nami si kulenga shabaha. Mwalimu wetu alitoa magazini, yaani kasha la risasi, akaiweka mezani, akauliza: "Ina risasi?" Darasa zima tukasema hapana. Akavuta kipande cha juu nyuma na risasi moja ikaruka kutoka kwenye chemba, ikadunda sakafuni hadi chini ya kiti changu. Ilikuwa risasi ya bandia ya mafunzo, lakini hakuna aliyecheka. Watu wazima kumi na wanne, wengine wamemiliki bastola kwa miaka, na wote tulikosea. Ndugu yangu unayefikiria kununua kwa sababu ya mtaa ulioko, lipa ada ya darasa kabla ya kulipa bei ya bastola. Na kama uko hapa kwa viza ya muda, mfano ya mwanafunzi, jua kwamba sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kumiliki silaha, hata jimbo liwe huru namna gani.

Kuhusu kuifungia, matokeo yalinishangaza. Florida ilikuwa jimbo la kwanza, mwaka 1989, kumwadhibu mtu mzima anayeacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anaweza kuifikia. Texas nayo ina sheria ya aina hiyo. California inayo, na ni kali. Ohio na Tennessee, kule kunakomwita shemeji, hazina sheria ya kumlazimu mwenye nyumba afungie bastola yake mbali na mtoto. Takwimu za kitaifa zinasema watoto wapatao milioni 4.6 wanaishi kwenye nyumba yenye angalau bunduki moja iliyopakiwa na isiyofungiwa, na tangu mwaka 2020 bunduki imekuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana Marekani. Shemeji akiwa Houston, watoto wake wamekingwa na ile sheria ya Texas, na yeye hata hakuwa anaijua.

Columbus au Nashville

Sasa narudi kwenye jina la wilaya. Shule za umma za jiji la Nashville zilisema sheria ilipopita kwamba zinaona ni askari polisi walio kazini tu wanaofaa kuwa na silaha shuleni. Shule za jiji la Columbus nazo hazikutaka walimu wenye bastola. Houston, anakotoka shemeji, wilaya ina polisi wake yenyewe. Kwa hiyo mtu anayehama jiji hadi jiji, mwalimu mwenye silaha si tofauti kubwa aliyoiogopa dada yangu. Inaanza kuwa tofauti akivutiwa na kodi nafuu ya nyumba nje ya jiji, dakika 30 kwa gari, ambako bodi ni ya watu watano na uamuzi ni wa jioni moja. Mama wa Uvira alihamia kwa sababu hiyohiyo ya kodi.

Nilimwambia shemeji: ukikaa ndani ya jiji, Nashville inakuzidishia somo la watoto shuleni. Columbus inakuzidishia haki ya kuambiwa, siku bodi ikibadili msimamo. Kwenye nyumba za majirani, sheria za majimbo yote mawili zinakuacha peke yako. Ningechagua Columbus kwa sababu ya haki ya kuambiwa, na kwa sababu somo la mtoto naweza kulifundisha mwenyewe, lakini taarifa ya bodi siwezi kuichapisha mwenyewe.

Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, andikieni wilaya barua. Mna haki ya mkalimani bila malipo, na hakuna ofisi inayoruhusiwa kumtumia mtoto wenu kama mkalimani wa jambo hili. Ulizeni kama bodi imeruhusu wafanyakazi wabebe silaha, wamefunzwa saa ngapi na nani, bastola inakaa mwilini au kwenye kasiki, na lini wazazi wataambiwa sera ikibadilika. Hudhurieni kikao cha bodi, hata kama Kiingereza chenu ni cha kuunga. Bodi zinazohesabu viti zinaona waliokuja.

Na kabla mtoto hajaenda kucheza kwa rafiki, ulizeni kama nyumba ile ina bunduki na kama imefungiwa. Najua kwetu ni swali zito, ni kama kumtuhumu mwenyeji. Mimi hulisema pamoja na mambo mengine: mwanangu ana mzio wa karanga, anaogopa mbwa, na je, kuna bunduki ndani na imefungiwa? Katika miaka sita, wawili tu wamekunja uso. Mmoja alinyamaza kidogo kwenye simu, akasema ngoja, nikasikia hatua zake zikipanda ngazi. Aliporudi aliniambia sasa imefungiwa. Vituo vingi vya polisi hutoa kufuli za waya bure, ukipita kaunta kuomba, na nimeshawapelekea majirani wawili.

Mama wa Uvira aliniomba tuandike barua pamoja. Tuliiandika mezani kwake, yeye akisema kwa Kiswahili cha kwao, mimi nikiandika. Hakudai bastola ziondolewe. Aliuliza kama mwalimu wa darasa la kwanza ni mmoja wao, na kama hawawezi kusema, basi waseme silaha inakaa wapi saa za mapumziko, watoto wanapomkumbatia mwalimu kiunoni. Wilaya ilijibu baada ya siku kumi na moja kwamba wafanyakazi walioruhusiwa hawafundishi darasa la chekechea wala la kwanza. Alinipigia simu kunisomea sentensi hiyo mwenyewe, kwa Kiingereza, polepole, kisha akaniuliza kama darasa la pili limetajwa mahali popote.